Tonfa: Silaha ya Okinawa iliyogeuka kuwa rungu la polisi

USIKU wa Machi 3, 1991, mkazi mmoja wa jiji la Los Angeles nchini Marekani aliamshwa na kelele za ving'ora na helikopta. Alichukua kamera yake ya video, akatoka hadi roshani ya nyumba yake na kuanza kunasa yaliyokuwa yakitendeka ng'ambo ya barabara. Picha alizonasa George Holliday zilionyesha maafisa wa polisi wakimcharaza dereva Mweusi, Rodney King, aliyekuwa akigaragara chini. Muda si muda zilikuwa zimezagaa ulimwenguni kote.

Wengi waliozitazama waliona marungu, basi. Lakini mtu mwenye jicho pevu angetambua kwamba hayakuwa marungu ya kawaida. Kila moja lilikuwa na mpini mfupi uliochomoza ubavuni, mithili ya tawi lililokatwa likabakishwa kisiki. Chombo hicho kilikuwa kimeingia katika mikanda ya polisi wa Marekani kwa sifa ya kuwa silaha ya kujikinga, na kilitoka mbali: katika kisiwa cha Okinawa, miongoni mwa watu wanaofanya mazoezi ya karate.

Sisi tunaohariri habari tuna sehemu yetu ya lawama. Tumezoea kuandika 'rungu' au 'kirungu' kwa kila kitu ambacho afisa wa polisi hushika na ambacho hakifyatui risasi. Neno hilo moja hubeba rungu la Mmaasai, kigongo cha bawabu, fimbo ndefu ya askari wa kuzima ghasia na hata mkongojo wa plastiki uliotengenezwa kiwandani. Kwa msomaji wa kawaida huenda hilo lisiwe tatizo. Kwa anayetaka kujua mtu aliumizwaje, na nani alimfunza aliyemuumiza, tofauti hiyo ni kubwa.

Umbo na matumizi

Rungu lenye mpini wa kando linalofahamika zaidi ni fimbo ya urefu wa inchi 24, yaani takriban sentimita 61. Mpini wake umepachikwa kwa pembe mraba karibu na ncha moja. Hivyo basi, fimbo hugawika katika sehemu mbili zisizolingana: mkia mfupi unaotangulia mbele ya ngumi, na sehemu ndefu inayolala chini ya kigasha hadi kukipita kisugudi.

Katika hali hiyo ya kulazwa chini ya mkono, fimbo huwa ngao. Anayeshambuliwa kwa panga, chupa au kigongo huinua mkono tu, na pigo ambalo lingevunja mfupa huishia kwenye fimbo. Rungu lililonyooka haliwezi kutoa kinga ya aina hiyo kwa urahisi, kwa sababu anayelishika hulazimika kulipangua pigo kwa shabaha, na kukosea kidogo ni kuumia.

Matumizi ya pili ni kudunga. Mkia mfupi ulio mbele ya ngumi humfikia mtu aliye karibu sana, mahali ambapo hakuna nafasi ya kurusha mkono. Ya tatu ni kukamata: mkono wa mshukiwa huweza kuzungushiwa pembe iliyo kati ya mpini na fimbo, ukabanwa, na mwenyewe akashushwa chini au kuongozwa hadi garini bila kupigwa. Wakufunzi wa Marekani walilisifu sana tumizi hili, na kwa haki.

Kuna tumizi la nne, na hapo ndipo mambo hubadilika. Mpini ukilegezwa kidogo kiganjani, fimbo nzima huzunguka kama mlango kwenye bawaba zake. Sehemu ndefu iliyokuwa imelala chini ya mkono hufyatuka na kufagia nje kwa kasi kubwa, bila mtumiaji kutumia nguvu nyingi za bega. Fizikia ya shule ya upili hutufunza kwamba kasi ya kitu ikiongezeka maradufu, nishati yake hupanda mara nne. Basi mpini uleule unaoifanya fimbo kuwa ngao ndio unaoifanya kuwa kombeo.

Ngano na ukweli wa asili yake

Jina la tonfa ni la Okinawa, kisiwa kikubwa zaidi katika funguvisiwa la Ryukyu lililo kati ya Japani na Taiwan. Wapo pia wanaoiita tunfa, tuifa au tunkua. Huko haishikwi moja. Hushikwa mbili, moja kila mkono. Kwa kawaida huchongwa kwa mbao ngumu kama vile mwaloni mwekundu, na urefu wake hutegemea mkono wa mwenyewe, kwani fimbo inapaswa kukipita kisugudi kidogo tu.

Simulizi inayopendwa zaidi kuhusu asili yake husema hivi: wakulima wa Okinawa, baada ya kupokonywa silaha na watawala, waligeuza zana za kazi kuwa silaha. Mundu wa kuvunia ukawa silaha, kasia la mvuvi likawa silaha, na mpini wa jiwe la kusagia nafaka ukachomolewa na kuwa tonfa. Ni hadithi tamu. Ina mnyonge, ina dhalimu, ina werevu, na hakuna mwalimu wa karate asiyeisimulia.

Wanahistoria, hata hivyo, hawaimezi nzima nzima. Kuhusu mfalme Sho Shin, aliyetawala Ryukyu kuanzia 1477 hadi 1526, ushahidi unaotajwa mara nyingi ni maandishi yaliyochongwa mwaka wa 1509 katika kasri la Shuri. Kwa miaka mingi maandishi hayo yalisomwa kama amri ya kuwapokonya watu silaha. Wasomaji wa baadaye wameyafasiri kinyume: kwamba mfalme alijisifu kwa kukusanya panga, pinde na mishale ziwe akiba ya kuulinda ufalme. Mnamo 1609 ukoo wa Satsuma kutoka kusini mwa Japani uliivamia Ryukyu na kuitiisha, na ni kweli kwamba masharti kuhusu silaha yalifuata. Lakini majina mengi yaliyohifadhiwa ya mabingwa wa sanaa za mapigano katika karne zilizofuata si ya wakulima. Ni ya watu wa tabaka la watumishi wa ufalme, waliokuwa na wakati wa kujifunza na walimu wa kuwafunza.

Isitoshe, silaha za umbo hilo hazikuwa za Okinawa pekee. Uchina kuna silaha inayoitwa guai, neno ambalo pia humaanisha mkongojo. Nchini Thailand kuna jozi ya vigongo vifupi vinavyofungwa kwa kamba kwenye vigasha, na jina lake, mai sok, lina maana ya mti wa kisugudi. Ryukyu ulikuwa ufalme wa wafanyabiashara wa baharini. Merikebu zake zilifika bandari za Uchina na za Kusini Mashariki mwa Asia. Inaelekea zaidi kwamba wazo la tonfa lilisafiri na biashara kuliko kwamba lilichomolewa kutoka jiwe la kusagia. Wala huenda asili isiwe moja.

Jambo lisilo na ubishi ni kwamba maarifa hayo nusura yapotee. Japani iliutwaa rasmi ufalme wa Ryukyu mwaka wa 1879, na vita vya Okinawa vya mwaka wa 1945 viliteketeza kisiwa pamoja na sehemu kubwa ya watu wake. Waliohifadhi mafunzo ya silaha za jadi, yaani kobudo, walikuwa wachache. Miongoni mwao alikuwa Taira Shinken, aliyezaliwa 1897 na kufariki 1970, ambaye alikusanya mitindo ya mazoezi iliyokuwa imetawanyika kwa walimu mbalimbali. Mwingine ni Matayoshi Shinpo, aliyeendeleza urithi wa babake hadi alipoaga dunia mwaka wa 1997. Mojawapo ya mitindo ya tonfa inayofunzwa hadi sasa imepewa jina la Hamahiga, kisiwa kidogo kilicho karibu na Okinawa.

Mwanafunzi wa kobudo hafunzwi tonfa kwa juma moja. Hurudia hatua zilezile miaka nenda miaka rudi, kwanza bila silaha, kisha nayo, hadi mzunguko wa fimbo uweze kusimamishwa popote anapotaka. Kusimamisha ndiko kugumu. Kuzungusha hata mtoto huweza.

Kutoka Okinawa hadi New Hampshire

Baada ya vita, Okinawa ilikaa chini ya utawala wa Marekani hadi Mei 15, 1972. Kwa muda huo wote maelfu ya wanajeshi wa Marekani walipitia kambi za kisiwa hicho, na wengi wao walijifunza karate na silaha zake. Waliporejea kwao walifungua shule. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960, jozi ya tonfa haikuwa kitu kigeni katika kumbi za mazoezi za Marekani.

Ni katika mazingira hayo ambapo Lon Anderson, Mmarekani aliyehusika na mafunzo ya polisi, alibuni rungu lililoitwa PR-24 mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tarakimu 24 ni urefu wake kwa inchi. Kampuni ya Monadnock ya jimbo la New Hampshire ililitengeneza kwa plastiki ngumu, na baadaye yakaja ya alumini na hata yanayokunjika. Anderson hakuiga tonfa tu. Aliirefusha fimbo, na zaidi ya yote akaiondoa katika jozi: afisa angeshika moja tu, mkono wa pili ukibaki huru kwa redio, pingu au tochi.

Biashara ilikwenda vyema. Rungu lilinadiwa kama chombo cha kistaarabu, cha kujikinga na kukamata, tofauti na kigongo cha zamani ambacho kazi yake ilikuwa moja. Pamoja nalo yaliuzwa mafunzo. Kozi hizo zilihesabiwa kwa saa au siku, si miaka. Kwa mwenye bajeti ya idara ya polisi hilo lilieleweka. Afisa hawezi kukaa darasani mwaka mzima akizungusha fimbo ilhali wezi wanazunguka mitaani. Lakini ukilinganisha na jinsi sanaa yenyewe inavyofunzwa kwao, utaona pengo lilipoanzia.

Mkasa wa Los Angeles

Polisi wa Los Angeles walilikubali rungu hilo, na kufikia miaka ya 1980 lilikuwa sehemu ya vifaa vyao vya kila siku. Umuhimu wake uliongezeka kwa sababu ambayo wengi hawaijui. Hadi mwaka wa 1982, maafisa wa jiji hilo waliruhusiwa kuwakaba shingo watu waliokataa kutii. Kwa mujibu wa kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka wa 1983, watu 16 walikuwa wamekufa baada ya kukabwa hivyo, 12 kati yao wakiwa wanaume Weusi. Ukabaji huo ukawekewa vizuizi vikali. Ulikuwa uamuzi wa busara, ila ulibakisha swali: afisa atumie nini badala yake? Jibu lililokuwa likining'inia kiunoni lilikuwa rungu.

Kwa hivyo usiku ule wa 1991, baada ya kumfukuza Rodney King kwa magari na kumdunga kwa kifaa cha umeme bila kumtuliza, maafisa waligeukia marungu. Laurence Powell na Timothy Wind ndio waliompiga kwayo, chini ya usimamizi wa Sajini Stacey Koon. Tume iliyoongozwa na Warren Christopher, iliyotoa ripoti yake Julai mwaka huo, ilitaja mapigo 56 ya rungu na mateke sita. Mkono haukukamatwa kwa pembe ya mpini. Ngao haikuhitajika. Kati ya yote ambayo chombo kile kingeweza kufanya, lililobaki ni kupiga.

Mwanahabari Lou Cannon, aliyeichunguza kesi hiyo kwa kina, ameeleza kwamba jioni hiyohiyo Powell alikuwa ameshiriki zoezi la rungu kituoni, na msimamizi wake akaona mapigo yake ni hafifu. Sikumbuki maelezo mengine yanayoonyesha vizuri zaidi udhaifu wa mafunzo ya aina hiyo. Afisa aliyepungukiwa na ustadi hakosi kuleta madhara. Huongeza idadi ya mapigo.

Mawakili wa washtakiwa waliuteka mjadala mahakamani. Walichambua video picha baada ya picha, wakieleza kila pigo kuwa mbinu iliyofunzwa na kuidhinishwa. Mnamo Aprili 29, 1992, jopo la wazee wa mahakama huko Simi Valley liliwaondolea maafisa hao karibu mashtaka yote. Los Angeles iliwaka. Zaidi ya watu 50 waliuawa katika siku chache zilizofuata, na hasara ya mali ikakadiriwa kufika takriban dola bilioni moja. Mwaka uliofuata mahakama ya serikali kuu iliwapata Koon na Powell na hatia ya kukiuka haki za King, nao wakafungwa miezi 30 kila mmoja. Wind na afisa wa nne, Theodore Briseno, waliachiliwa. King alituzwa fidia ya dola milioni 3.8 mwaka wa 1994. Alifariki Juni 17, 2012.

Ripoti ya Tume ya Christopher ilikuwa na takwimu nyingine inayofaa kutajwa hapa. Kati ya mwaka wa 1986 na 1990, takriban maafisa 1,800 wa jiji hilo walilalamikiwa kwa kutumia nguvu kupita kiasi au mbinu zisizofaa. Zaidi ya 1,400 kati yao walikuwa na lalama moja au mbili tu. Lakini 44 walikuwa na sita au zaidi.

Ulaya, kisha kufifia

Uingereza ilikuwa na desturi yake. Tangu polisi wa London waundwe mwaka wa 1829, kirungu kifupi cha mbao ndicho kilichokuwa alama yao, na kilifichwa mfukoni ili raia wasikione. Miaka ya 1990 idara nyingi zilianza kukiacha. Baadhi zilichagua rungu lenye mpini wa kando, nyingine fimbo ya chuma inayorefushwa kwa kutikiswa. Mwaka wa 2004 serikali iliyaingiza marungu ya aina hizi, yaliyonyooka, yenye mpini wa kando na yanayorefushwa, katika orodha ya silaha ambazo raia haruhusiwi kuuziwa. Nchini Ufaransa na Ujerumani, polisi na wanahabari walilichukua jina la Okinawa lilivyo. Huko rungu hilo ni tonfa, na ndilo neno linaloandikwa magazetini.

Kilichopunguza umaarufu wake si aibu ya Los Angeles peke yake. Jibu ni la kawaida kabisa: mpini husumbua. Afisa akiketi garini humchoma mbavuni, akikimbia hunasa kwenye uzio, akiwa katika umati huweza kuvutwa nalo. Fimbo inayokunjika huingia katika mfuko mdogo wa mkanda na mtu akasahau kwamba anayo. Dawa ya pilipili ya kupuliza na bunduki za umeme nazo zikachukua sehemu ya kazi. Mbinu za kukamata, zilizokuwa fahari ya PR-24, zilihitaji marudio ya mara kwa mara, na idara nyingi hazikuwa tayari kuyagharamia.

Sheria inasemaje

Kanuni za kimataifa hazitofautishi sana rungu la mpini na lisilo nao. Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na bunduki, zilizopitishwa Havana mwaka wa 1990, zinataka maafisa watumie kwanza njia zisizo za nguvu, na wakilazimika kutumia nguvu, ziwe kwa kiasi kinacholingana na hatari iliyopo. Mwongozo wa mwaka wa 2020 kuhusu silaha zisizokusudiwa kuua unaingia ndani zaidi: mapigo ya rungu yaelekezwe mikononi au miguuni, na kuepuka kichwa, shingo, uti wa mgongo na figo.

Humu nchini, ambako polisi wanajulikana zaidi kwa marungu ya mbao yaliyonyooka, kanuni hiyo imo katika Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka wa 2011. Afisa anatakiwa kujaribu njia zisizo za nguvu kwanza. Nguvu zikisababisha kifo au jeraha baya, msimamizi wake anatakiwa kuripoti kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA. Sheria haiulizi kama rungu lilikuwa na mpini. Huuliza lilimpata mtu wapi, mara ngapi, na kama alikuwa bado ni tishio wakati wa pigo la mwisho. Anayeshuhudia kisa na kuandika malalamishi anafaa kuyazingatia mambo hayo matatu, pamoja na saa, mahali na nambari ya afisa au ya gari akiweza kuziona, kabla ya kumbukumbu kufifia.